Fundi Aliyeamkisha Kadi na Mashine

Kitu chochote kipya kilichoingia kwenye kibanda cha fundi wetu wa Nateete kilitakiwa kwanza kuamkiana na cha zamani. Ulimpelekea simu iliyovimba betri, na betri mpya umeishika mkononi, hakufungua. Aliiweka betri mpya juu ya simu, akazifunika zote mbili kwa kiganja, akangoja kidogo, halafu akasema, "Haya, mmeonana." Ndipo alipotafuta bisibisi. Ukimuuliza anafanya nini alikutazama kama mtu uliyemuuliza kwa nini watu huoga.

"Hajjati, wewe ukiletewa mkwe, unamwingiza moja kwa moja jikoni?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Nilipoona mtu mzima mwenye miwani anafanya jambo kwa utulivu namna ile, nikadhani ni elimu. Ilinichukua miaka kujua kwamba ni ujinga uliovaa miwani.

Na huo Uhajjati alinipa yeye. Sijafika Makka, na sioni dalili ya kufika. Lakini kwa fundi kila mwanamke mzee mwenye mtandio alikuwa Hajjati, kila mwanamume mwenye kanzu alikuwa Haji, na kila mwenye shati la ofisini alikuwa Engineer. Alisema heshima haimpunguzii mtu kitu. Kweli, yeye haikumpunguzia kitu, maana baada ya kukuita Hajjati ilikuwa vigumu kumwambia kwamba pasi yako sasa inachoma upande mmoja tu.

Kibanda chake kilikuwa kati ya saluni na duka la magodoro, kwenye kichochoro cha kuingilia sokoni. Upana wake ni kama kitanda cha mtu mmoja. Mimi niliuza maharage na karanga upande wa pili, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwona kila siku kuliko nilivyowaona ndugu zangu, na sikuchagua.

Hakutupa kitu. Ukutani alipanga makopo ya majani ya chai, ya maziwa, ya mafuta ya kupikia, mpaka juu. Skrubu za redio zilikuwa na kopo lao, vitufe vya rimoti vyao, vioo vya simu vilivyopasuka vyao. Niliwahi kumuuliza kioo kilichopasuka kitamfaa nini. Akasema, "Kitu hakifi, Hajjati, kinachoka." Nikamwambia basi hapa umefungua nyumba ya wazee. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaenda kuwahadithia watu wa magodoro kana kwamba maneno yale aliyasema yeye.

Saa hakuzijua. "Njoo kesho" kwake maana yake ilikuwa wiki, na "njoo jioni" ilikuwa kesho. Ila kuswali hakuchelewa hata mara moja. Adhana ikilia tu, aliacha simu ya mtu imepasuliwa tumbo juu ya meza, akachukua birika lake la udhu, akaenda. Nilimwambia siku moja, Mungu unamfikia kwa wakati, binadamu unawachelewesha, wewe unafikiri nani anasubiri vizuri zaidi? Akasema Mungu hana haraka ya simu yake.

Hata msikiti wenyewe aliukosea. Alipewa kipaza sauti akitengeneze. Akakiamkisha na waya mpya, akakifunga, akakirudisha anajisifu. Siku ya pili, katikati ya mawaidha, kipaza sauti kikanasa redio, ikatoka sauti ya kijana mchangamfu anatangaza punguzo la bei ya magodoro. Mtaa mzima ulisikia. Mwenye duka la magodoro akashukuru. Fundi alipoitwa aeleze, alitikisa kichwa akasema, "Angalau sasa kinasikia."

Lakini nitasema na upande mwingine, nisije nikaulizwa. Mkono alikuwa nao. Nilimwona akiunga nyaya nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, pumzi ameizuia, ulimi ameubana kwa meno mawili ya mbele, na moshi wa risasi ya kuungia unampanda usoni bila yeye kupepesa. Mwanamke mmoja alimletea simu iliyokuwa imetumbukia kwenye ndoo ya nguo, ina picha zote za harusi ya dadake. Aliikausha siku tatu, akazitoa picha zote, na hakufungua hata moja kuziangalia. Skrini aliigeuzia ukutani. Hilo nililiona mwenyewe. Mtu anayeweza kufanya hivyo, na bado akasema uongo aliokuja kuniambia mimi, sijui unampa jina gani.

Sasa kulikuwa na sheria ya kichochoro kile, na inabidi uijue. Kipuri cha zamani ni cha fundi. Ukibadilisha betri, ile iliyochoka inabaki kwake. Ukibadilisha kioo, kile kibovu kinabaki kwake. Huombi, na yeye haulizi. Kila mtu Nateete alijua hivyo, nami nilijua. Ndiyo maana siku ile sikunyoosha mkono kudai kadi, na najuta mpaka leo.

Nitaieleza siku ile polepole.

Mwanangu alikuwa mlinzi huko Ghuba, kwenye jengo refu lenye vioo. Aliporudi likizo alimletea binti yake Shamim kamashine ka mchezo, kale ka kushika mikononi, kenye vioo viwili na kanafunga kama kitabu. Kalikuwa kameflashiwa huko huko. Yaani kufuli la kiwandani limefunguliwa, kanacheza michezo iliyowekwa kwenye kadi ndogo ubavuni. Ile mashine bila ile kadi ni sanduku tu linalowaka taa. Michezo imekaa kwenye kadi, na kila ulichokifanya ndani ya mchezo kimekaa humo humo.

Walipenda mchezo mmoja wa kijiji. Unajenga nyumba, unapanda matunda, unavua samaki, majirani wako ni wanyama wanaozungumza. Upuuzi mtupu, nilisema. Lakini baba na mtoto walikaa kwenye mkeka wangu wakibishana mwembe ukae wapi kama watu wanaogombania kiwanja cha Mengo. Yeye alijenga nyumba yake humo, paa la buluu. Shamim akajenga ya kwake pembeni. Aliporudi kazini aliacha barua ndani ya mchezo, zimo kwenye kisanduku cha barua cha Shamim, na mtoto alizifungua moja moja kila Ijumaa, hataki ziishe.

Mwanangu alifariki huko huko Ghuba. Sitasema mengi juu ya hilo. Alirudi ndani ya sanduku, tukamzika, na barua zilikuwa bado hazijaisha.

Shamim alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kadi ikajaa. Mashine ikaanza kumwambia haina nafasi, na akaogopa kufuta chochote kwa sababu hakujua nini kimeshikamana na nini. Mjomba wake akamnunulia kadi kubwa. Ilibaki kuhamisha vitu kutoka ndogo kwenda kubwa. Nikasema hiyo ni kazi ya fundi, tena fundi ninayemjua.

Tulikwenda Ijumaa kabla ya adhana. Shamim alimweleza vizuri, namkumbuka, amesimama na mashine ameikumbatia.

"Fundi, vyote vilivyomo. Hata visivyojulikana ni vya nini. Usiache."

"Mjukuu, data ni amana," fundi akasema. "Mimi amana naitunza kama mboni ya jicho."

Akachukua kadi mpya, tupu. Akaiweka juu ya mashine, akafunika kwa kiganja. Halafu, kwa sababu mashine ile ilikuwa na tundu la kadi na yeye hakuweza kujizuia, akaichomeka ndani, akawasha.

"Haya, mmeonana."

Hapo ndipo alipoharibu, ingawa hatukujua. Mashine ile ikiona kadi ngeni haikai kimya. Inajitengenezea humo folda yake ya kumbukumbu za mchezaji, mpya, tupu, yenye jina refu la herufi na tarakimu lisilosomeka. Kisha akaitoa, akaiweka kwenye laptopu yake iliyokosa vibonye vitano, akanakili vyote kutoka kadi ndogo. Folda ya zamani nayo ina jina refu la namna hiyo hiyo. Sasa kwenye kadi kubwa kukawa na mbili, zimelala pamoja, mtu hawezi kuzitofautisha.

"Pacha," fundi akasema, anakuna kidevu. "Mashine itachanganyikiwa. Moja itoke."

"Ipi?" Shamim akauliza.

Akatazama tarehe. "Iliyo mpya ndiyo hai."

Adhana ikaanza. Mimi nilikuwa na maharage yangu nimemwachia mtu, nikamwambia afanye haraka, watu wana mambo yao. Akabonyeza, akafunga laptopu, akatukabidhi mashine, akadondosha kadi ndogo kwenye kopo la chai kama sheria inavyosema, akachukua birika lake akaenda.

Nyumbani Shamim akawasha. Mchezo ukafunguka, ukamuuliza jina lake nani na kijiji chake angependa akiite nini.

Hakulia. Laiti angelia. Aliifunga kama mtu anayefunga kitabu, akaiweka juu ya kabati.

Nilirudi kichochoroni siku ya pili. Nilikwenda kwa hasira, na mimi hasira yangu haina sauti ya chini. Nilimwita mwizi mbele ya wateja watatu. Nilimwambia kiganja chake kile kina mkosi. Mwanamke wa saluni alizima mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri. Fundi alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena.

"Kadi ndogo iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeifuta," akasema. "Nimeshaiuza. Mashine yenu ndiyo mbovu. Mimi sikukosea."

Basi. Maneno manne ya uongo, na mtoto akakaa miaka mitatu bila kijiji chake.

Miaka mitatu nilimpita bila salamu, na kichochoro kile upana wake ni mabega mawili. Ukijaribu utaona ilivyo kazi. Akisema "Hajjati, habari ya asubuhi," nilimjibu mwenye magodoro. Pasi yangu ilipoungua niliipeleka Kasubi kwa boda, nikalipa zaidi, ikarudi mbovu zaidi, na sikumwambia mtu. Shamim naye alikua. Alipomaliza kidato cha tatu alikuwa anatengeneza simu za wenzake shuleni, anajifunza mwenyewe kwa kutazama video. Siku moja alinieleza kosa la fundi lilikuwa lipi, folda kwa folda, bila hasira, kama daktari anavyoeleza. Akamalizia, "Jajja," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "laiti ingekuwepo ile kadi ndogo, ningeweza kurudisha mwenyewe." Nikaenda nje kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Halafu siku moja kibanda hakikufunguliwa. Wala wiki ile. Mwanamke wa saluni ndiye aliyenivukia kichochoro. Kwao ni kusini huko, Kiswahili anakipiga anavyojua mwenyewe.

"Hajjati, ile fundi macho yake imehalibika. Haoni tena. Yeye nasema wewe kuja kwake. Na leta mutoto na ile kamashine yake ya game."

"Mwambie nimekufa."

"Nilimwambia utasema hivyo. Yeye nasema, basi kama alikufa, atume mutoto peke yake."

Tulimkuta kwake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mchana, amekaa karibu na dirisha ambalo halikuwa na faida kwake tena. Makopo yote ameyahamishia huko. Alisikia viatu vyangu.

"Hajjati. Bado unakanyaga kama mtu aliyeitwa polisi."

"Na wewe bado unaishi na takataka."

"Karibu. Kopo la chai la kijani, la tatu kutoka chini, mkono wa kushoto. Mjukuu, lishushe wewe, bibi yako atalidondosha makusudi."

Shamim akalishusha. Ndani kulikuwa na kadi, labda sitini, sabini, sikuhesabu. Kila moja imefungwa kwenye kikaratasi, na juu ya kikaratasi mwandiko wake wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa Kiarabu kwanza. "Engineer wa benki." "Mama wa harusi." "Kijana aliyevunja ahadi." Hakuuza hata moja. Miaka yote ile tulidhani anakula kadi zetu, kumbe amezilaza zote humo, na hakuna hata moja aliyoifuta.

Shamim alikuwa akisoma na kuweka pembeni. Akaifikia moja, akanipa. Nilisoma polepole, herufi zangu ni chache.

"Hajjati wa maharage. Usifute."

Nitakwambia nilichofanya. Nilisimama nikamwambia, wewe mzee ni mwovu. Miaka mitatu. Mtoto huyu babake alikuwa humo ndani ya kopo la chai, na wewe unaniamkia asubuhi.

Alitafuta miwani yake kwa mkono, akaipangusa, akaivaa, ingawa haikuwa na kazi.

"Ungeniomba vizuri ningekupa siku ile ile."

"Ungeharibu vizuri ningekuomba vizuri."

"Ulinipigia kelele mbele za watu. Nikasema nimeiuza. Ukishasema umeuza kitu, Hajjati, unakitoa vipi kesho yake? Nikasema nitampa Ijumaa. Ijumaa ukanipita. Nikasema nitampa ile nyingine. Na siku ya kwanza, nilitaka kuwasha nihakikishe kabla sijabonyeza. Unakumbuka nani alinisimamia kichwani?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekumbuka kwa miaka mitatu. Shamim hakunitazama, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angenitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Sasa tufanye kazi, au tutaendelea kuhutubiana?"

Laptopu ilikuwa ile ile, vibonye sasa vimekosekana saba. Fundi haoni, kwa hiyo Shamim ndiye aliyekaa. Fundi akaelekeza, na mara mbili mtoto alimwambia hiyo si njia, fundi, kuna fupi zaidi, naye akasema, "Kale, sawa, wewe unaona, mimi sioni." Shamim akaitoa kadi kubwa kwenye mashine, akaisafisha yote ibaki tupu. Akaishika hewani.

"Fundi, naanza kunakili. Hutaki waamkiane kwanza?"

Nilidhani atakasirika. Alicheka kile kicheko chake mpaka kikohozi.

"Usiwaamkishe. Waonane kazi ikiisha."

Kunakili kulichukua muda mrefu, kadi ya zamani inatoa vitu vyake kidogo kidogo. Adhana ikalia ya adhuhuri. Fundi akageuza uso upande wangu, anangoja niseme neno. Sikusema. Nilikuwa na maharage yangu nimemwachia mtu tena, na sikusema. Na yeye, mara ya kwanza tangu nimjue, hakuinuka kutafuta birika. Tulikaa watu wawili wazee tunasikiliza laptopu inavuma kama nyuki kwenye kopo.

"Imefika mwisho," Shamim akasema.

"Fungua uhakikishe," fundi akasema. "Usibonyeze kitu. Wala usifute popote. Kadi ndogo irudi nyumbani nanyi, sheria ya kichochoro imekufa leo."

Akaichomeka. Akawasha. Muziki ule nikautambua, ule uliokuwa ukinikera kwenye mkeka wangu. Shamim akasogeza uso karibu na kioo, halafu akaweka mkono mdomoni.

"Kuna nini?" fundi akauliza. "Niambieni. Kuna nini?"

Nikainama nikatazama. Paa la buluu lilikuwepo, na kisanduku cha barua kilikuwepo, kinapepesa. Lakini njia haikuonekana. Mchezo ule ukiuacha unaota majani, na huu uliachwa miaka mitatu.

"Magugu," nikamwambia.

"Mengi?"

"Mengi, mwizi wewe. Mpaka dirishani."

Akashusha kichwa. Nikasikia anataka kusema samahani na neno halitoki. Nikamwachia, apambane nalo mwenyewe.

"Jajja," Shamim akasema, "nianzie wapi?"

Kwenye simu na kadi mimi sina elimu. Palizi naijua.

"Anza mlangoni kwa babako," nikamwambia.